Meza ya Shangazi: Rasimu ya riwaya upesi upesi, inawezekana?

Wanangu hamjambo. Meseji za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, mtu anamalizaje rasimu ya kwanza ya riwaya haraka huku ana kazi, ana watoto, ana pikipiki ya watu ya kurudisha jioni. Nimechagua hizi chache, zingine zilikuwa ndefu kuliko riwaya zenyewe nimezikata kidogo mtanisamehe, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI
Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, nafundisha Historia. Nina riwaya kichwani kuhusu familia ya manamba wa mkonge, mda mrefu sana naibeba. Nilisikia kuna watu huko nje wanaandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja, mwezi wa kumi na moja, nami nikasema haya, Novemba iliyopita nikaanza. Wiki ya kwanza moto, wiki ya pili nikaachia njiani nikiwa sura ya tatu. Najiona sina nidhamu kabisa. Niandike asubuhi au usiku? Na kwa siku niandike maneno mangapi?
*Mwalimu, Chumbageni*

SHANGAZI
Marahaba mwanangu. Habari ya nidhamu hebu iweke pembeni, mtu anayeweza kusimama mbele ya Form Two saa nane mchana na jua la Tanga hili nidhamu anayo tele. Wewe kilichokuangusha kwanza ni kalenda. Mtindo huo wa Novemba ulianzishwa na kijana wa Marekani, Chris Baty, na wenzake, jumla walikuwa watu 21, maeneo ya San Francisco mwaka 1999, na mara ya kwanza wala haikuwa Novemba, walifanya Julai. Mwaka uliofuata ndo wakauhamishia Novemba kwa sababu kwao mwezi huo hali ya hewa mbovu, mtu hana hamu ya kutoka, bora akae ndani aandike. Sasa Novemba yako wewe ikoje? Mitihani ya kidato cha nne, mitihani ya kidato cha pili, usimamizi, ripoti za kufungia shule, na vuli inanyesha juu yake. Umechagua mwezi ambao hata kula unakula umesimama halafu unajilaumu. Na hiyo taasisi yao yenyewe mwaka 2025 ilitangaza inafunga, kwahiyo hakuna anayekudai Novemba, chukua Juni mkifunga shule, chukua Desemba, chukua wiki sita zozote zilizotulia, riwaya haijui ni mwezi gani.

Maneno sasa. Wale walijiwekea maneno 50,000 kwa siku 30, ukigawanya inakuja kama 1,667 kwa siku. Lakini hiyo ni hesabu ya Kiingereza ambacho kina vineno vingi vidogo vidogo, sisi mambo hayo yote tunayabandika kwenye kitenzi kimoja, ukiandika "hatukumwambia" umehesabiwa neno moja tu wakati mwenzio hapo keshahesabiwa manne. Kwahiyo kama ulikuwa unaishia maneno elfu moja na mia kidogo ukalala unajiona mvivu, pengine stori yako ilikuwa imesogea sawasawa na ya yule wa 1,667. Mi huwa namwambia mtu ahesabu kurasa za kauntabuku au ahesabu mda, basi. Kurasa tatu. Au dakika arobaini na tano. Kitu ambacho hata siku mbaya unakiweza, maana siku mbaya zitakuwepo, na lengo kubwa likikushinda siku mbili mfululizo siku ya tatu unaona hata aibu kufungua daftari.

Ukitaka mfano wa mtu aliyehesabu mda kuna Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, mfanyakazi wa posta. Mtu wa ofisi kabisa. Aliandika riwaya 47, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa bado na ajira yake, anakaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ya mfukoni kaiweka mbele, na kila robo saa anajidai maneno 250. Saa mbili na nusu keshamaliza anakwenda kuvaa. Watu wengi wakisikia hiyo wanashangaa hizo 250. Mimi ninachokipenda kwake ni kingine, alikuwa anamlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka kazi yake kumwamsha na kumletea kahawa, na mwenyewe akakiri baadaye kwamba mzee yule ana mchango mkubwa kwenye mafanikio yake kuliko mtu mwingine yeyote. Umeona hapo? Alijua kigumu ni kile kipande cha kutoka kitandani hadi kwenye sentensi ya kwanza, akakilipia hela.

Na hilo ndo jibu langu la asubuhi au usiku. Andika saa ile ambayo kuanza kwake ni rahisi, maana kuandika kwenyewe hakuli mda kama kunavyokula kuanza. Mtu anakaa saa nzima, ukimpima vizuri kaandika dakika ishirini, zile arobaini zote alikuwa anatafuta aanzie wapi, mara achonge penseli, mara aangalie simu, mara asome ya jana, mara akumbuke hajamjibu mtu meseji. Kama unaswali, ile baada ya alfajiri kabla hujapanda baiskeli kwenda shule ni nzuri sana kwa sababu umeshaamka kwa jambo lingine, hujajiamsha kwa ajili ya riwaya. Usiku nao sawa ila mwalimu usiku ana madaftari ya watoto, mi siuamini usiku wa mwalimu.

Halafu kuna hiki, kama utachukua kimoja tu kwenye barua hii chukua hiki. Usiache kuandika siku ambayo umekwama, acha siku ambayo unajua kinachofuata. Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuwa anasema hivyo, anaacha akiwa bado anajua kitakachotokea mbele. Na mimi naongeza, kabla hujafunga daftari andika mstari mmoja wa kesho. Usiandike "kesho sura ya nne", hiyo haikusaidii kitu. Andika hivi: *Kesho: mzee anatoka korona (kiwanda cha mkonge) mkono umefungwa kitambaa, mama anamuuliza, hajibu, mtoto ndo anajibu.* Ukiamka na mstari kama huo huna cha kutafuta, unajua nani kaingia, anatokea wapi, nani anaongea, na hata unapotawadha unajikuta unasikia mtoto anasema nini.

Nyongeza kwa sababu we ni mwalimu wa Historia na nawajua. Ukifika mahali panapotaka tarehe au jina la meneja wa shamba usisimame, weka alama, endelea. Najua unajua yule Mjerumani Hindorf alileta mkonge 1893 na kwamba miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ni stori tamu kweli, lakini ukianza kuifuatilia saa hiyo ya alfajiri utafika shuleni umesoma kurasa thelathini na hujaandika hata moja. Utafiti una saa yake, mchana, Jumamosi. Ile ya alfajiri ni ya yule mzee na mkono wake.

SWALI
Shangazi habari za siku. Mimi nauza vitumbua na mahamri, naamka saa tisa usiku kila siku isipokuwa Ramadhani. Watoto watatu, baba yao mvuvi, anaweza kuwa baharini siku mbili tatu. Hadithi ninayo yote, nikikaa na wenzangu nawasimulia wanacheka wanalia, lakini nikishika peni saa nne usiku nalala juu ya daftari. Kaka yangu kanambia kama huwezi kukaa mezani wewe siyo mwandishi. Nataka nimalize kabla ya Ramadhani maana hapo biashara inageuka. Nifanyeje?
*Mama watatu, Makorora*

SHANGAZI
Salama mdogo wangu, na huyo kaka yako mwambie shangazi kasema akamenye nazi. Kukaa mezani ni namna moja tu. Wewe hadithi umezoea kuisema, basi iseme.

Mwaka 1866 kulikuwa na Mrusi anaitwa Dostoevsky, madeni yamemfika shingoni, kasaini mkataba mbaya na mchapishaji kwamba asipoleta riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba, yule bwana atachapisha vitabu vyake kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Oktoba imefika, hana hata ukurasa. Marafiki wakamtafutia msichana wa miaka 20, Anna, aliyesomea hatimkato, ule uandishi wa alama za haraka. Mchana Dostoevsky anasema huku anatembea chumbani, Anna anaandika, usiku Anna anasafisha kwao, kesho yake analeta kurasa safi. Siku 26 riwaya imekwisha. Kwenda kuikabidhi, mchapishaji kajificha kusudi ili tarehe impite, ikabidi muswada uachwe kituo cha polisi wapewe risiti. Na mwaka uliofuata akamuoa Anna, hiyo siyo sehemu ya ushauri.

Wewe Anna huna ila simu unayo. Kibodi ya Google ya kwenye simu inaandika Kiswahili unachokisema tangu mwaka 2017, unabonyeza kale kaalama ka maiki unaongea maneno yanatokea. Nukta na mkato mara nyingi utaweka mwenyewe baadaye, na majina inayaharibu vibaya sana, mhusika ukimwita Mwanahamisi utakuta kawa "mwana hamsini", mpe jina fupi kwa sasa, mwite Asha, utambadilisha mwisho. Kama bando linasumbua usiitumie hiyo, rekodi sauti tu kwenye simu, au jitumie voisi kwenye WhatsApp, namba yako mwenyewe, utakuja kuandika ukipata nafasi au ukimpata mtoto wa darasa la saba mwenye hati nzuri umlipe kidogo kidogo.

Lini sasa. Usijaribu wakati unakaanga, mafuta yana kelele na akili yako yote ipo kwenye moto, utaunguza mahamri na hadithi isitoke. Mi naona una vipande viwili. Kimoja ni pale unga umeshaukanda umeufunika unaumuka, watoto wamelala, nyumba kimya, wengi hapo wanajilaza nusu saa, we jilaze ukitaka lakini simu iwe kifuani unaongea. Kingine ni njia ya kurudi baada ya kugawa mzigo madukani, ndoo tupu, unatembea, ukiongea na simu hakuna atakayekushangaa, siku hizi kila mtu anaongea na simu njiani. Dakika kumi na tano huku, kumi kule. Ukisema kwa kasi yako ya kusimulia, dakika kumi na tano inaweza kuzidi kurasa utakazoandika kwa mkono saa nzima usiku ukiwa umechoka.

Ila kuna sharti, na Dostoevsky naye alikuwa nalo, usiku alikuwa anaandaa mchana atasema nini. Ukianza kurekodi hujui unasema nini utasikia "eee... yaani... basi yule..." dakika tano nzima. Kwahiyo ile kazi ya kuwaza ifanye hukohuko kwenye kukaanga ambako huwezi kurekodi, mikono inafanya kazi kichwa kinapanga, Asha anakwenda kwa mama mkwe, anamkuta nani mlangoni, kisha ukifika kwenye unga wa kesho unaisema tu. Na kila voisi uifunge kwa kusema tukio linalofuata, kwa sauti yako mwenyewe, "kesho Asha anafungua ile barua", ili kesho ukisikiliza sekunde kumi za mwisho unajua uanzie wapi bila kusikiliza yote.

Na kama kaka bado anakusumbua, mwambie kuna mama mmoja Marekani, Toni Morrison, alilea watoto wawili peke yake huku ameajiriwa kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, alikuwa anaandika kabla hakujakucha kabla watoto hawajaanza kuita mama, na mwaka 1993 akapewa Nobel. Saa tisa usiku yako siyo ubaya kama unavyoiona.

SWALI
Shikamoo shangazi, mimi kijana wa Ngamiani. Nina sura ya kwanza ambayo kila anayesoma anasema kaka hii ni moto. Nimeiandika upya mara nyingi sana mpaka naijua kwa moyo. Sura ya pili sina. Nikikaa kuandika ya pili narudi kwenye ya kwanza kurekebisha kidogo, siku inaisha. Nifanyeje niende mbele?
*Kijana wa barabara ya kumi na nne*

SHANGAZI
Marahaba. We kwanza acha kuwasomea watu. Hiyo sifa unayopewa ndo inakurudisha nyuma, sura ya kwanza imeshakuwa ya kusifiwa, ya pili nani ataisifia wakati bado ni vurugu, kwahiyo roho inakimbilia kwenye pongezi. Funga mdomo mpaka rasimu iishe. Na hiyo sura ya kwanza mpe mtu akuwekee, kweli nasema, printi, futa kwenye simu, mpe mama yako aifungie kabatini. Sio mzaha.

Rasimu ya kwanza ni ya kwenda mbele tu. Unaruhusiwa kusoma nusu ukurasa wa mwisho wa jana kuishika sauti, hapo basi. Na kwa yale yanayokurudisha nyuma, yaani jina hulikumbuki, mtaa huna uhakika, maelezo ya mtu hayajakaa vizuri, andika alama na upite. Nitakuonyesha rasimu inavyofanana ikiwa mbichi:

*Mwanaidi akashuka kwenye basi pale XX (stendi ya zamani au mpya? uliza) na kikapu cha XX, jua kali, watu wengi. Akamuona Bakari. (MAELEZO YA BAKARI HAPA, MASHARUBU?) Akamwambia, "Kumbe hukwenda Mombasa."*

Mbaya. Sawa. Lakini "Kumbe hukwenda Mombasa" imeshatoka, na hiyo ndo inayoivuta sura nzima, kwa sababu sasa unataka kujua kwa nini alisema anakwenda, na alikuwa wapi. Ungekaa kwenye masharubu hungeifikia. Herufi hizo XX zina kazi yake, Kiswahili hakina neno lenye XX, ukija kusahihisha unaitafuta kwenye simu inakupeleka moja kwa moja hadi mahali penyewe.

Sasa kuna jambo moja linawashinda wengi wakifika katikati, unagundua baba wa Mwanaidi asiwe mwalimu, awe mvuvi. Usirudi kubadilisha sura nne za nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho wa kauntabuku, andika "kuanzia sura ya 5 baba ni mvuvi", kisha endelea kana kwamba alizaliwa mvuvi. Ukurasa ule wa mwisho utajaa, na huo ndo utakuwa mwongozo wako siku ya kusahihisha, na ntakwambia kitu, nusu ya mambo utakayoandika pale ukifika mwisho utaona hayana haja tena kwa sababu stori yenyewe ilibadilika mara ya pili. Ungerudi kurekebisha ungerekebisha bure.

Umeuliza pia kwenye ile sehemu niliyokata kama upange riwaya yote kabla ya kuanza. Ukiweza jua mwisho. Ukishindwa jua kesho.

SWALI
Shangazi mambo vipi, samahani, shikamoo. Tuko watatu, tunasoma chuo hapa Tanga, tumekubaliana kila mtu aandike riwaya na tunakutana jioni kijiwe cha kahawa kuandika pamoja. Tatizo tunaishia kupiga stori za Coastal Union mpaka wanafunga. Tuachane na huu mpango kila mtu akaandike kwake?
*Watatu wa kijiweni*

SHANGAZI
Marahaba, na mambo poa. Msiachane. Kukutana kunasaidia kwenye kuanza, mtu ukijua wenzio wanakusubiri unatoka nyumbani, kazi nusu imeshafanyika. Kinachokosekana ni saa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alikuwa hasomi vizuri, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akajiwekea dakika chache tu za kusoma bila kuinua kichwa, mpaka ikaja kuwa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na sasa dunia nzima wanafanya. Nyie fanyeni hivyo hivyo. Simu moja inaweka dakika 25, zote zingine mnazima data zinalala katikati ya meza kifudifudi, hamna kusema neno, hata kashata unaiomba kwa kidole. Ikilia dakika tano semeni ya Coastal mnayotaka. Mbili au tatu za hivyo halafu mkae mpaka wafunge.

Ila msisomeane. Semeni tu kila mtu kafika wapi na kesho anaanzia wapi, mwenzio akijua kesho unaanzia kwenye harusi atakuuliza "vipi harusi imeisha?" na utaona aibu kama haijaanza. Na msishindane idadi ya maneno, kuna mtu wa maneno mengi na kuna mtu wa maneno machache, mkianza kushindana yule wa mengi ataanza kujaza mvua kurasa mbili.

SWALI
Shikamoo shangazi. Ni karani bandarini, nimepanga chumba kimoja, jirani ana spika kubwa na ana mapenzi na taarabu. Sina pa kuandikia. Wewe ungefanyaje?
*Karani*

SHANGAZI
Marahaba baba. Shaaban Robert, mtu wa hapahapa, kazaliwa Vibambani 1909, alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaja ofisi ya wilaya hapa Tanga, akaja upimaji ardhi, miaka yote ile anaandika huku kaajiriwa, kwahiyo ukarani hautakuzuia, taarabu nayo siyo adui sana kama unavyodhani. Mwandishi wa Marekani, Maya Angelou, alikuwa anakodi chumba cha hoteli mjini kwao kwenyewe anakwenda asubuhi kuandika, lakini we na mimi tukianza hesabu za gesti tutaishia kula mihogo mwezi mzima.

Maktaba ya mkoa ipo, kuna meza, kuna kivuli, na unaposhinda ofisini mpaka jioni basi itumie Jumamosi. Siku za kazi toka nyumbani mapema kuliko kawaida, kaa bustani ya Jamhuri pale penye mnara wa saa unaangalia bandari, andika mpaka saa ikufukuze kwenda kazini. Upepo wa asubuhi unapeperusha makaratasi, chukua daftari gumu. Na uwe na mahali pamoja, benchi lilelile, ukizungukazunguka kutafuta mahali pazuri zaidi umeshapoteza saa ya kuandika.

Ukikosa vyote, vaa spika za masikio, piga taarabu yako mwenyewe ya sauti ndogo kuliko ya kwake, wimbo mmoja tu uleule kila siku. Baada ya mda ukiusikia mkono unatafuta peni.

SWALI
Shangazi shikamoo, nimemaliza!!! Kurasa 212 za mkono. Nimpelekee nani?
*Binti, Pangani*

SHANGAZI
Marahaba mama, hongera sana, nimefurahi mpaka nimemsomea mtu meseji yako. Usimpelekee mtu yeyote sasa hivi. Ifunge kwenye mfuko, iweke mahali panya hawafiki, ikae wiki kadhaa ufanye mambo mengine, ukaione bahari yenu hiyo, usome vitabu vya watu. Ukiitoa isome yote kwa siku mbili tatu bila peni mkononi, ndo utajua una riwaya gani, kisha uanze kuchapa kwa kompyuta huku unasahihisha, kuchapa upya kutoka kwenye mkono ni usahihishaji mzuri sana kwa sababu mahali pabovu unaona uvivu kupachapa.

Baada ya hapo ziko tuzo mbili za kuzitolea macho, ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Masharti soma mwenyewe kwenye tangazo la mwaka husika, usisomewe na mtu, urefu wa muswada, tarehe ya mwisho, namna ya kutuma. Na kabla hujampa mtu yeyote wa steshenari akuchapie, piga picha kila ukurasa kwa simu, zote 212, tuma kwenye barua pepe yako.